Kola Zilizonyooka

Mwalimu wa chekechea alipitia kwa dobi kabla ya kazi kuchukua gauni lake, akakuta bado halijapigwa pasi. Dobi alimwomba radhi, akamvutia kiti. Alilinyunyizia gauni maji, akalitandaza mezani juu ya blanketi kuukuu, kisha akamwita shemeji yake. Shemeji alimpokonya binti wa dobi mdoli wake, akamweka juu ya boriti, mahali ambapo mtoto mdogo hafiki hata akipanda meza. Mtoto alifura. Dobi alisubiri kidogo, akalowesha kidole, akakigusisha kwenye kiganja cha bintiye. Kikalia chss. Basi akamnyanyua kwapani, akaipitisha mikono ya mtoto juu ya gauni, na mikunjo yote ikalala.

"Mjomba wake ana kipaji," alisema dobi. "Mimi nikimchokoza anajua ni utani, hapati moto."

Pasi ya umeme ilikuwa rafuni na waya wake umeungua, na hakuna aliyeona haja ya kuitengeneza. Mikono ya mtoto haikupata lengelenge hata moja. Mama yake alilihakikisha hilo mwanzoni kabisa, kwa kuwa hawakuwa watu wabaya. Kazi ikiisha, mdoli alirudishwa. Mwalimu alilipokea gauni lina joto, akashukuru. Wakati huo alikuwa mteja tu.

Muhula uliofuata mtoto, ambaye kwao walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa, aliandikishwa darasani kwake. Haikupita wiki akayeyusha mgongo wa kiti cha plastiki, kisa mwenzake amemruka kwenye foleni ya bembea. Mwalimu alikiondoa kiti hicho, akaleta cha mbao. Hakumgombeza, wala hakumwambia anyamaze. Aliwaeleza watoto wote kwamba kukasirika si kosa, kosa ni kumchoma mwenzako. Alimfundisha Kitinda kuvuta pumzi kwa pua na kuitoa polepole kama anayepoza chai. Alimpa udongo aufinyange. Madonge ya mwanzo yalitoka matofali. Mwisho alimfundisha kuitaja hasira kwa mdomo, pamoja na sababu yake. Hilo ndilo lililomchukua muda mrefu zaidi.

"Nina hasira," alisema siku moja. "Amenivunjia chaki yangu. Na ilikuwa ya bluu."

Mwalimu alimshika mikono. Ilikuwa mikono ya mtoto kama mtoto mwingine yeyote.

Baada ya siku chache dobi alikuja shuleni na shati lililonyooka upande mmoja.

"Mwalimu, mwanangu siku hizi anapoa upesi mno."

"Ndicho tulichokuwa tunakitafuta, baba."

"Najua, na nashukuru. Lakini ile sentensi yenu anaisema mimi bado niko kwenye mkono wa kwanza wa shati."

Mwalimu alimweleza madhara ya kumtia mtoto hasira kwa makusudi, asubuhi baada ya asubuhi. Dobi alisikiliza kwa adabu, akaafiki kila neno. Kisha akauliza kama somo hilo lingeweza kusubiri likizo, maana likizo sare hazifuliwi. Mwalimu alikataa. Alitaka waache kumpokonya mdoli.

"Mdoli tumeshaacha," alisema dobi. "Hamjali tena. Sasa mjomba wake anamwahidi kumpeleka kwa bibi, halafu hampeleki."

Waliagana vizuri. Nyumbani kwa dobi likawekwa sharti moja: kusema ni shuleni, hapa ni kazini. Kitinda akawa anafunga mdomo hadi nguo ya mwisho, na moto ukawa mkali kuliko zamani. Mwalimu mkuu alipendezwa na kazi hiyo, akampa dobi sare za shule nzima. Mwalimu alikwenda ofisini kwake kumweleza zinavyonyooshwa. Alijibiwa kwamba ya nyumbani ni ya nyumbani, na kwamba mtoto mwenyewe anaonekana ametulia. Gauni la mwalimu, ambalo siku hizo alikuwa akilivaa na mikunjo yake, lilitazamwa juu mpaka chini. Akashauriwa apitie kwa dobi.

Jumatatu watoto walipanga mistari uwanjani. Mwalimu mkuu alisimama ngazini akausifu unadhifu wao, safu kwa safu. Kitinda alikuwa akipita kati ya wenzake na mwalimu nyuma yake, akigusa kola moja baada ya nyingine kwa ncha ya kidole.

"Hii ni ya siku mjomba alisema nivae viatu, twende kwa bibi," alisema kwa sauti ya chini. "Nikavaa."

Akasogea.

"Hii, baba alicheka."

"Na hii?" aliuliza mwalimu.

Kitinda aliitazama sana. "Hiyo sikumbuki. Zilikuwa nyingi."

Mwalimu mkuu akaomba makofi kwa ajili ya sare. Uwanja mzima ukapiga, na Kitinda naye akapiga, kwa mikono iliyokwisha kupoa.