Mkanda wa Pili

Chumba cha matandiko kilinukia sabuni ya ngozi na nta, na mama aliyekitunza alikuwa anaimba chini kwa chini. Leo binti yake alikuwa anapanda farasi kwenye mbio kwa mara ya kwanza. Mwenye farasi, mtu mgumu kama kwato, alikuwa amesema wazi kwamba nafasi ni hii moja, na binti akiboronga atarudi kuzoa samadi. Basi mama alisugua kila kitu kwa mkono wake, hatamu, vikuku vya kukanyagia, hata lijamu la mdomoni likang'aa, kisha akamfungia binti tandiko yeye mwenyewe, akamwombea heri.

Sasa alikuwa anapanga vilivyobaki. Akauchukua mkanda wa tumbo wa akiba, pacha wa ule ulioshika tandiko mgongoni mwa farasi, akaukunja ili autie sandukuni. Ukalia kra. Akaukunja tena, ngozi ikapasuka mkononi mwake: juu inameremeta kwa mafuta, ndani kavu kama ganda la mti.

Ngozi haiwi hivyo isipokuwa imeonja moto, na kila mtu pale alijua kwamba ngozi iliyolowa hukaushwa kivulini, polepole, hata kama kuna haraka ya namna gani. Jana mvua ilikuwa imevilowesha vyombo vyote. Akamgeukia mdogo wake wa kiume, aliyekuwa anakunja matambara mlangoni, akamuuliza mikanda ilikaukaje.

"Nilikuona umechoka, dada," alisema mdogo mtu, macho chini. "Nikawasha jiko kidogo tu. Halafu nikapaka mafuta, na wewe mwenyewe ukaisifu."

Kweli aliisifu, tena kwa mdomo mpana. Mdogo wake alifungua kinywa kuongeza neno, lakini dada mtu alishatoka mbio.

Alikimbia na aproni yake kiunoni. Mlinzi wa geti alianza kumweleza kwamba watazamaji wanakaa jukwaani, akasukumwa kando kabla hajamaliza. Farasi walikuwa wanapangwa mstarini, binti yake juu ya wake, mgongo umenyooka. Mkanda ule ukikatika katikati ya kasi, mtoto angeangukia chini ya kwato za wenzake. Na sheria mama aliijua vizuri: farasi akishakaguliwa, tandiko likifunguliwa, ametolewa mbioni. Akashika hatamu.

"Shuka, mwanangu. Mkanda umeungua."

"Mama, usinifanyie hivi," binti alisema kwa sauti ya chini. "Nakuomba."

Binti aliposhuka, mama akaufungua mkanda. Mwamuzi akatikisa kichwa, akaashiria waondoke. Wengine wakaenda bila wao, vumbi likawabakia.

Nyuma ya uzio, mbele ya binti na mwenye farasi, mama aliukunja ule mkanda alioufungua. Haukulia. Akaukunja upande wa pili, akaukanyaga na kuuvuta kwa nguvu zote, akafika hadi kuung'ata. Ulikuwa laini na mzima kabisa. Miaka yote ya kazi yake alikuwa anaomba ngozi isikatike, na sasa alikuwa anamwomba Mungu huu ukatike mbele ya macho yao. Mwenye farasi hakuwa na subira ya kutazama maombi ya mtu. Alimwambia binti kwamba koleo la samadi liko pale pale alipoliacha, akaenda zake.

Mdogo wa mama akafika, anahema.

"Mjomba," binti akamuuliza, "uliikausha yote motoni?"

"Jiko lilikuwa dogo, mwanangu," alijibu mjomba. "Ulienea mmoja tu, ule wa akiba. Huu niliutundika kivulini. Ndicho nilichotaka kumwambia."

Binti hakulia wala hakugomba. Alivua kofia yake, akaiweka juu ya tandiko, akashika njia ya mabandani bila kumngoja mtu. Mama alibaki pale pale, mkanda mikononi, bado anauvuta.