Soksi za Jogoo

Mimi ni mfua jezi wa klabu ya mpira wa kikapu, huu mwaka wa ishirini na mbili, na shule yangu iliishia darasa la saba. Sisemi hivyo kuomba huruma. Nasema ili ujue kwamba nikikuambia jambo la mpira, sikulisoma popote. Nimeliona kwa macho haya na kulishika kwa mikono hii.

Chumba chetu cha kufulia kiko chini ya majukwaa. Kuna mashine mbili, karai la kulowekea, meza ya kupigia pasi na redio. Mwenye pasi ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Yeye mdomo, mimi macho, ndivyo tulivyogawana.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya klabu kubadilishana wachezaji. Ijumaa saa kumi na mbili jioni mlango unafungwa, na uliye naye ndiye utakayemaliza naye msimu. Redio haikuwa na habari nyingine ila hiyo: meneja wetu anataka kumtoa Ngazi ili apewe Jogoo.

Ngazi ndiye mgawa mipira wetu. Mashabiki walimpa jina hilo kwa sababu wenzake wanapandia kwake. Mwenyewe hafungi sana, pointi nane, kumi, basi. Lakini mtoe uwanjani dakika tano uone: wanne waliobaki wanakuwa kama kuku waliotupiwa mtama. Jogoo ni mfungaji wa klabu nyingine. Anafunga ishirini na tano, anajipiga kifua, watu wanazimia.

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?" wifi akaniuliza.

"Ningemwacha Ngazi alipo. Ukikosa mfungaji, mtafunga kidogo kidogo watu watano. Ukikosa mgawaji, hata mfungaji mwenyewe hana cha kufunga. Huuzi jembe ununue ngoma wakati wa kulima."

"Basi nenda kakae kwenye kiti cha umeneja."

"Kiti kile kina miiba. Nangoja imchome aliyekikalia."

Wifi hakucheka. Alijua nasema nini.

Miaka mitatu nyuma, siku ya mwisho kama hiyo, meneja alikuwa akivutana na klabu moja ya mbali. Wale wakasema mizani haijakaa sawa, waongezewe kitu. Akacheka, akasema, "Haya, mchukueni na mzee wa mipira, nyongeza." Mzee wa mipira alikuwa mume wangu, mtunza vifaa wa klabu. Alitupwa juu ya biashara ile kama nyanya moja juu ya fungu. Akiwa na miaka sitini na moja na kifua kibovu, akapelekwa safari ya siku mbili kwa basi, kwenye chumba cha kupanga kisichopitisha hewa. Mimi sikuweza kumfuata, maana mama yake alikuwa kitandani, na mwenye kumgeuza ni mimi. Baada ya miezi saba mume wangu alirudi ndani ya sanduku. Meneja hakuja mazishini. Alituma kadi ya pole yenye jina la mtu mwingine. Ngazi ndiye aliyeshika jeneza upande wa kichwani.

Mimi ni mtu wa sala, alfajiri na jioni. Tangu mazishi yale nilikuwa nikimwomba Mungu mambo mawili: amlaze mume wangu pema, na anipe siku moja tu na meneja. La pili najua halipendezi. Nililiomba hivyo hivyo, maana ukimficha Mungu unajificha nyuma ya kidole.

Siku yangu ililetwa na soksi. Katika ligi yetu, wageni wakija kwa mechi mbili mfululizo, mwenyeji ndiye anayewafulia. Kila mchezaji ana mfuko wake wa wavu wenye namba, na mimi sichanganyi. Jogoo na wenzake walikuwa wamecheza kwetu Jumamosi na Jumapili iliyotangulia. Nilifungua mfuko wake mara mbili. Soksi ya kushoto ilikuwa imelika kisigino na vidole, imebaki nyuzi. Mwenzake wa kulia mzima kama katoka dukani. Siku ya pili, jozi nyingine, mambo yale yale. Na bendeji ya goti la kulia ilinuka dawa ya kuchua mpaka nikaisuuza maji matatu. Huyo ni mtu anayeruka na kutua kwa mguu mmoja. Na klabu yake inajua. Nani anamtoa jogoo anayewika vizuri?

Nilipomwonyesha wifi, alikuja karibu akaninong'oneza. "Mungu kakujibu. Funga mdomo, mwache ajinunulie mzoga."

"Nikinyamaza, kesho atasema hakuna aliyejua, na watu watamwonea huruma."

"Kwa hiyo utamwambia? Umwokoe? Na kaka yangu yuko udongoni?"

"Nitamwambia mbele ya watu. Yule bwana wewe humjui. Akiambiwa na mkubwa, anafikiri. Akiambiwa na mdogo pembeni, anaiba neno analifanya lake. Akiambiwa na mdogo mbele ya mkubwa, atafanya kinyume hata kama nyumba inaungua."

Wifi alisimamisha pasi, akanitazama. "Na miaka yote hii nilidhani mpole wa nyumba ni wewe."

Ijumaa saa tisa meneja aliingia na mwenyekiti wa klabu, mama mmoja mkimya mwenye miwani, aliyechaguliwa mwaka ule. Meneja alikuwa akimtembeza kama bwana harusi anayeonyesha nyumba.

"Mama Sabuni! Andaa jezi namba saba, ya Jogoo. Ya Ngazi weka kando."

"Mmeshasaini?"

"Saa mbili zijazo. Vipi, unataka kulia? Mwenyekiti, huyu ndiye shabiki wetu mkubwa. Haya, shabiki, tupe maoni ya kitaalamu!"

Nikakausha mikono kwenye aproni, taratibu.

"Usimchukue, meneja. Goti lake la kulia ni bovu. Nimefua soksi zake siku mbili, ya kushoto imeisha, ya kulia haijakanyaga chini. Mpeleke kwa daktari kwanza."

Meneja akacheka.

"Soksi! Mwenyekiti, sasa tunasajili kwa soksi! Kesho atatutazamia nyota kwenye chupi!"

Mwenyekiti hakucheka. "Daktari hawezi kumwona leo?"

"Daktari wetu yuko safarini mpaka kesho, na klabu mbili nyingine zinamtaka Jogoo."

Alisema hivyo, lakini akatazama saa yake. Nikaona wasiwasi umepita usoni mwake, mdogo, kama panya anayevuka chumba. Kulikuwa na madaktari wengine mjini, na alijua. Kama ningeishia pale, nadhani angempigia mmoja simu.

Sikuishia pale. "Hata marehemu mume wangu angekushauri hivi hivi, meneja," nikasema. "Alikuwa anayajua magoti kukuzidi."

Damu ikampanda shingoni. "Mumeo alikuwa mbeba mipira. Na wewe ni mfua nguo. Shona namba saba!"

Nikashona. Maneno yale ya mwisho sikuyasema kwa ajili ya klabu, na Mungu anajua hivyo.

Jogoo alicheza mechi nne. Katika ya nne aliruka, akatua, na goti likatoa sauti iliyosikika mpaka majukwaa ya juu. Kijana wa watu akabebwa akiuma taulo. Huyo ndiye niliyemlilia. Tembo wawili tulikuwa tunapigana, yeye ndiye nyasi. Bila yeye na bila Ngazi, tulipoteza mechi kumi na moja. Timu niliyoishabikia tangu nikiwa binti ilishika mkia. Wifi alizima redio mwenyewe.

Asubuhi ya siku ya kikao cha viongozi, meneja alikuja chumbani kwetu peke yake. Akafunga mlango.

"Mama," akasema. Siku hiyo sabuni haikuwemo. "Wataniuliza kama niliambiwa. Wewe sema ulikuwa unatania. Utani wa kishabiki tu."

"Sikutania."

"Nina watoto watatu."

"Mungu awakuze."

"Tutatundika picha ya mzee ukumbini. Kubwa. Kila mtu aione."

Hapo niliyumba kidogo, sitaki kusema uongo. Ukumbi ule mume wangu aliufagia kwa miaka kumi na tisa. Wifi aliacha kupiga pasi, akaniangalia mimi, si yeye.

"Picha yake ninayo nyumbani," nikasema. "Na wewe unanitaka nidanganye, mimi mtu wa sala."

"Basi nisamehe! Mtu wa sala si husamehe?"

"Husamehe. Nitaanza jioni, baada ya kikao."

Alinitazama kana kwamba nimemwagia maji ya karai. "Una roho mbaya, mama."

"Umechelewa kuijua."

Kikaoni niliulizwa swali moja tu. Mwenyekiti alivua miwani. "Ulimwambia?"

"Nilimwambia, na wewe ulikuwepo."

"Alisema kwa kebehi!" meneja akaruka. "Kuhusu soksi!"

"Nilisema daktari," nikajibu. "Soksi ulizicheka. Daktari ulimsikia."

Hakuna aliyemtetea. Kabla ya saa kumi alikuwa amekabidhi funguo za ofisi, na wifi alisimama mlangoni makusudi ili ampishe njia.

Jioni ile nilipiga magoti kama nilivyoahidi. Nikamwombea mume wangu, nikamwombea Jogoo na goti lake, nikamwombea Ngazi huko aliko. Nikafika kwenye jina la meneja. Nikakaa hapo mpaka magoti yakauma. Mwisho nikamwambia Mungu, kwa heshima zote, tuendelee kesho.