Maji ya Chumbani kwa Bimdogo

Mwaka wa themanini na tatu Sleyum alipewa ukuu wa skuli huko Saiq, Omani, juu ya mlima wa Jabal Akhdar, na pamoja na kazi akapewa nyumba iliyoachwa na wahandisi wa kigeni. Nyumba ile ilikuwa na boila, mtambo wa kuchemshia maji. Maji ya moto yalitoka jikoni yakazunguka kila chumba, ndani ya vyuma vya ukutani mfano wa rejeta za gari, na wakati wa baridi watu wakalala bila ya kutetemeka.

Mhandisi wa mwisho kuondoka alimfundisha: boila likiwa limepoa, mshale wa presha usishuke chini ya moja wala usipite moja na nusu. Ukishuka, fungua mfereji mdogo, ongeza maji, kisha funga.

"Lakini ukiona unaongeza kila mara," alimwambia, "jua maji yanatoka pahala. Yatafute."

Sleyum akasema amefahamu.

Mkewe, Azza, akamleta mama yake, Bimdogo, kutoka Nizwa apate joto la mifupa. Bimdogo alizaliwa Unguja, mwanamke nadhifu, havai nguo isiyofukizwa udi. Walimpa chumba cha pembeni.

Asubuhi moja Sleyum aliingia kumwamkia, akaona maji sakafuni, chini ya kitanda upande wa ukuta. Hakuuliza. Alichukua kitambaa akapangusa kimyakimya, akajiona amefanya wema.

"Mama mtu mzima sasa," alimwambia Azza jikoni. "Tusimtahayarishe."

Maji yakarudi. Azza akatandika nailoni chini ya shuka, na Bimdogo akaiona.

"Hii ya nini, Azza?"

"Ya kuzuia baridi, mama."

"Nailoni haizuii baridi, mwanangu. Na maji yale si yangu."

"Sawa, mama. Usijali," Sleyum alijibu kutoka mlangoni, kwa sauti anayosemeshea watoto wa darasa la kwanza.

Tangu hapo Bimdogo alikataa chai ya jioni. Halafu akapunguza hata maji ya kunywa, midomo ikamkauka. Turkiya, bintiye mkubwa, alipokuja kutoka Ibra kumtazama, Sleyum alimweleza jambo lile ukumbini, na mlango wa chumba cha pembeni uko wazi. Turkiya akamchukua mama yake akaenda naye Ibra.

Muda wote huo mshale ulikuwa ukishuka, na Sleyum akiongeza maji. Alifungua mfereji, akafunga, akaenda zake skuli.

Baada ya Bimdogo kuondoka, aliingia chumbani kuchukua mablanketi. Soksi zikarowa. Akainama, akapapasa chini ya chuma cha ukutani. Tone likamwangukia kiganjani. Lilitoka kwenye nati iliyolegea.

Alimwita Azza. Azza akatazama sakafu, akatazama kitanda kitupu.

"Ulikuwa ukiongeza maji kwenye boila?"

"Naam."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Azza alikaa kitandani, akajifunika uso kwa mtandio. "Na mimi ndiye niliyemtandikia," alisema.

Sleyum alikaza nati kwa spana. Presha ikatulia, haikushuka tena. Ijumaa wakateremka Ibra. Njiani alisema angependa kuzungumza na mama peke yao.

"Ulimsema mbele ya Turkiya," Azza alimjibu. "Utasema mbele ya Turkiya."

"Shikamoo, mama," Sleyum alisema walipoingia kwa Turkiya.

"Marahaba, mwanangu. Mmefika salama?"

Alieleza yote, macho kwenye mkeka, masikio yakimwaka. Turkiya aliacha kumimina kahawa. Bimdogo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanzo nilijua si yangu," alisema. "Halafu mliposhikilia nyinyi wawili, nikaanza kuwa na shaka. Naamka usingizini najinusa, mwanangu. Mimi, najinusa."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini kwako silali tena."

Hakulala. Msimu wa mawaridi alipanda mlimani kutembea, akazunguka bustanini na Azza, akala chakula cha mchana, akausifu wali. Baada ya Alasiri akaomba abaya yake aondoke. Sleyum alimteremsha mwenyewe kwa gari. Bimdogo alizungumza vizuri tu, habari za Unguja na za wajukuu, naye akawa anajibu, "Naam, mama," asiweze kumtazama kwenye kioo cha kutazamia nyuma.