Bibi wa Pangoni Goba

Lusungu alikuwa amechora mabembea na mitelezo kwa mawazo ya watu wengine miaka mingi, hadi Bi Fatema, mwenye bustani ya michezo kule Goba, alipomwambia, haya, nitengenezee kitu chako mwenyewe.

Akatengeneza pango la kutisha. Alilichimba ubavuni mwa kilima, njia nyembamba inayojipinda kama utumbo, giza totoro, na karibu na mwisho akamkalisha bibi kizee wa maboksi yaliyolowekwa kwenye gundi. Nywele katani, macho taa za pikipiki, shingo inazungushwa na mota ya feni. Kwenye kanga yake hata doa la ugoro lilikuwepo. Mtoto akikanyaga mkeka, bibi anainua kichwa na kumkodolea. Hapo, kwa hesabu za Lusungu, mtoto angepiga yowe na kutimua mbio hadi nje.

Siku ya majaribio waliletwa watoto wa shule ya Jumapili. Akaingia wa kwanza, kimya. Wakaingia wengine, na wengine, na wala hakuna aliyetokea upande wa pili.

"Sista, bibi yako kawameza," alisema Elibariki, fundi umeme.

"Kaangalie waya, wewe."

"Waya mzima. Mgonjwa ni bibi."

Bi Fatema alikuwa amesimama na mtandio wake, hacheki. "Lusungu binti yangu, nilitaka vitisho, umenipa foleni. Watoto wasipopita leo, pango nalibomoa, naweka kibanda cha askirimu."

Lusungu akajipenyeza kwenye mlango wa mafundi, akajibanza nyuma ya bibi, akachungulia kwapani mwake. Watoto wamejipanga kwa adabu, wanasukumana kidogo kidogo. Mbele yao yuko Hope, msichana mwenye nywele za mabutu.

"Shikamoo bibi," alisema Hope.

Bibi akamkodolea.

"Hasikii," mwenzake akanong'ona. "Sema kwa nguvu."

"Shikamoo bibi."

"Si upite tu, Hope?"

"Nitapitaje hajaitikia? Pita wewe usemwe huna adabu."

Lusungu akashika kichwa. Macho aliyafikiria, shingo aliifikiria, mpaka ugoro aliufikiria. Jibu hakulifikiria. Na hawa ni watoto waliolelewa. Mzee akinyamaza, watasubiri hapo mpaka kesho.

"Shikamoo bibi," alisema Hope tena, sauti ikianza kulegea.

"Marahabaa," Lusungu akaikokota kooni kabla hajawaza. "Hujambo mjukuu wangu? Hebu sogea nikubusu."

Lilitoka yowe, udongo ukapukutika darini. Watoto wakamiminika nje kama kumbikumbi. Wakiwa juani wakatazamana, wakaangua kicheko, kisha wakakimbilia tena mlango wa kuingilia, wanabishana nani bado hajamwamkia bibi.

"Ngoja na mie nikamwone," alisema Bi Fatema.

Lusungu alisikia bangili zikija gizani. Kichwa cha bibi kikainuka.

"Shikamoo," alisema Bi Fatema, huku akijichekea.

Lusungu amwitikie marahaba mwanamke wa umri wa mama yake, na tena mwajiri wake? Kwao Tukuyu hilo ni la kuitiwa kikao. Lakini akinyamaza, pango ndiyo basi. Akafumba macho.

"Marahaba, Fatema. Umenawiri, mwanangu. Mbona huji kunisalimia? Sogea basi nikubusu."

Bi Fatema alitokea upande wa pili na kiatu kimoja, mtandio unaburuzika, udongo umemjaa mabegani. Akakaa chini palepale, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Elibariki akageuka pembeni ili asionekane meno.

Lusungu akatoka taratibu, mikono nyuma. "Bi Fatema, unisamehe. Nimekuitikia kama mtoto."

"Bibi abaki," alisema Bi Fatema, akijifuta macho. "Ila njia ya kutokea uipanue. Sie wanene nasi tunakimbia."