Kwanza Salamu

Watalii wanaandika mitandaoni kwamba sisi Wafaransa tuna roho mbaya. Roho mbaya ni kuingia kwenye mkahawa wa mtu na kuagiza bila hata kusema bonjour, kana kwamba mimi ni mashine. Kwangu hapa Beaune asiyesalimia hahudumiwi, na kwa miaka ishirini na sita sijalegeza msimamo.

Agosti moja, joto likiwa kali, akaingia mzee mmoja mgeni, uso mwekundu, akashika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

"Maji," akasema.

"Bonjour, bwana," nikamjibu, huku nafuta glasi.

"Maji... tafadhali."

"Bonjour, bwana."

Mpishi wangu, Fulbert, akachungulia kutoka jikoni. "Odile, mpe mtu maji! Huoni anavyohema?"

"Wewe angalia konokono wako wasiungue. Hawa wasipofundishwa leo watafundishwa lini?"

Mzee akanitazama.

"Bonjour," akasema, kisha akaanguka chini kama gunia.

"Umeona, Fulbert?" nikasema. "Kumbe anajua."

Nikajaza glasi, nikaiweka juu ya kaunta, pale pale alipokuwa amesimama.