Kiti cha Chama

Akina mama wa Nyabulugu, mwalo wa wavuvi kando ya ziwa, mbele kidogo ya Kirumba, walikuwa na kosa moja tu: waliamini kwamba diwani waliyemchagua ni wao. Na wangekosaje kuamini? Wote walikata kadi za chama, hadi vikongwe wasioona vizuri, ili kwenye kura za maoni wampitishe mwenzao Getruda Masele, mwanika dagaa mtoto wa mwanika dagaa. Akapita. Kwenye uchaguzi wenyewe mgombea wa chama kingine aliambiwa fomu yake ina kasoro, akarudi zake nyumbani. Akina mama walimcheka huyo bwana, jamani, walimcheka mpaka wakashika mbavu.

Sasa ufukwe wao wa kuanikia dagaa ukapata mwekezaji. Alitaka kujenga hoteli, na hoja ilikuwa inakwenda kwenye baraza la madiwani.

"Wewe kaseme tu," Sabina, mama yake Getruda, alimwambia asubuhi ya siku ya baraza huku akitandaza dagaa kwenye nyavu. "Si mheshimiwa wewe? Watakusikia."

"Nitasema, mayu." Ndivyo alivyomwita mama yake, Kisukuma, tangu utotoni.

Lakini kabla ya baraza kuna kikao cha chama. Na kwa kuwa madiwani wote walikuwa wa chama kimoja, kikao hicho ndicho kilikuwa baraza lenyewe, ila milango imefungwa na mwananchi hayumo. Katibu wa chama, Projest, alikuwa mtu mpole, hapandishi sauti hata akikuchinja.

"Humu ndani, mheshimiwa, toa dukuduku lako lote," alisema. "Tukitoka hapa, tuna sauti moja."

Getruda akatoa. Akaeleza kwamba ufukwe wote uliobaki ni mawe matupu, kwamba dagaa wakikosa jua siku moja tu wanaoza, kwamba kuna wajane pale ambao hawana shamba wala ng'ombe. Diwani Ndalahwa, aliyekaa naye bega kwa bega, akamnong'oneza, "Kweli tupu, dada yangu." Kura zilipoitishwa, Ndalahwa huyo huyo akanyoosha mkono kwa mwekezaji. Tena ulinyooka, mkono ule! Getruda akabaki peke yake.

"Basi imepita," alisema Projest. "Na kwa sababu eneo ni la kata yako, Getruda, wewe ndiye utakayeafiki hoja mbele ya wananchi."

"Mimi?"

"Wewe. Itapendeza."

"Na nisipoafiki?"

Projest akamtazama kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. "Mama, kiti hicho si chako. Wala si cha wale akina mama. Ni cha chama. Uanachama ukitoka, udiwani nao umetoka. Sheria sikuitunga mimi."

Getruda akaingia kwenye ukumbi wa baraza. Aliogopa, na aliona aibu kuogopa. Akiafiki, atabaki na kiti. Na akibaki nacho, atawafanyia nini, kama siku ya kuwatetea ndiyo hiyo na hawezi kufungua kinywa? Nyuma kabisa walikaa akina mama wa mwalo, wamevaa vitenge vyao vya kanisani, Sabina katikati yao. Hoja ikasomwa. Jina la Getruda likaitwa, naye aliposimama tu vigelegele vikalipuka.

"Mwenyekiti," alisema, "siafiki. Tutaanika wapi?"

Kabla hajaongeza neno, Ndalahwa akainuka, "Naafiki, mwenyekiti!" akaketi upesi bila kumtazama.

"Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyooo!"

"Wasioafiki waseme siyo."

"Siyo," alisema Getruda. Na nyuma yake akina mama, kwa sauti iliyotikisa madirisha, wakaitikia, "Siyooo!"

Mwenyekiti akagonga meza. "Wageni hawapigi kura. Walioafiki wameshinda."

Projest alimngoja kwenye korido, kiganja wazi. "Kadi," alisema kwa upole. "Kamati ya maadili inakaa Jumatatu. Usijisumbue kuja." Getruda alitamani kumtukana, tusi zito la mwaloni, lakini hasira ikagoma kupanda. Alichoka tu. Akaifungua pochi, akampa.

Nje akina mama wakamkumbatia, wakamrusharusha. "Umewapa! Umewakomesha!" Wengine walikuwa wameshaanza kucheza. Ilibidi awashike mikono mmoja mmoja ili wanyamaze.

"Jamani, tumeshindwa. Ufukwe umekwenda."

"Si utawaambia tena kikao kijacho?" aliuliza Bernadeta, jirani yake.

"Sirudi. Wananifukuza chama, na udiwani unakwenda hukohuko."

"Wanakufukuza wao! Sisi tumekufukuza lini?"

Alisema kweli, Bernadeta wa watu, na haikusaidia kitu. Mmoja akakaa chini palepale kwenye ngazi, akaanza kulia. Getruda naye machozi yakamtoka.

Sabina akamvuta mwanawe, akamfuta uso kwa pindo la kitenge. Mikono yake ilinuka dagaa. "Nyamaza, mwanangu. Wakiitisha uchaguzi mwingine, kura yangu ni yako. Hata niwe siwezi kutembea, watanibeba nikakupigie."

"Na mimi!" akaitikia Bernadeta.

"Na mimi!" Yule wa kwenye ngazi naye akainuka, akajipangusa pua. "Tutakuchagua wewe tena, waone!"

Furaha ikawarudia. Getruda akawatazama. Bila chama mtu hagombei nchi hii. Chake kimemtema, na kile kingine hata ofisi kilishafunga. Siku hiyo mama yake atabebwa, atapewa karatasi ya kura, atatafuta jina la mwanawe juu mpaka chini, na halitakuwepo. Alitaka kumwambia. Alifungua kinywa, akauona uso ule ulivyonyooka kwa matumaini.

"Asante, mayu," alisema.