Tarehe ya Surua

Mimi si mtu wa kubembeleza. Nilifundisha darasa la kwanza pale mtaa wa Tena, na mwaka ule hedimasta alisema mtoto asiye na kadi ya kliniki iliyojaa haingii. Mimi ndiye niliyewekwa mlangoni kuzikagua. Desemba nzima nilifukuza wazazi. Surua alidungwa lini? Hujui? Nenda kliniki, urudi.

Mama Kavinya nilimwonea huruma. Alikuwa Mkamba mpole, kibarua wa kiwanda cha sabuni huko Industrial Area. Kadi ya mtoto iliharibika mvua ilipoingia nyumbani. Kliniki walimpa mpya, tupu, wakamwambia amlete Kavinya Alhamisi adungwe upya. Alhamisi kiwandani wanaita majina saa moja asubuhi, na asiyeitika jina lake linafutwa.

"Mwalimu, sindano alipata zote kwa nyanyake huko Mwingi," akaniambia.

"Na ya surua?"

"Nadhani."

Nikaona, huyu tumsumbue ya nini? Kidole kimoja hakivunji chawa. Nikamwambia aniachie kadi nikamuulizie kliniki. Sikuenda popote. Niliijaza mwenyewe mezani kwangu kwa kalamu mbili tofauti, na ile "nadhani" yake nikaigeuza tarehe: 14 Februari 1991. Mama Kavinya alinishukuru mpaka nikajiona mtu wa maana.

Mwezi wa pili surua ikaingia mtaani. Manesi wakaja shuleni kuwadunga wote ambao kadi zao hazikuonyesha surua, nami nikawapanga watoto foleni. Nesi akasoma kadi ya Kavinya, akasema, "Huyu yuko sawa," na mtoto akarudi kitini akiwacheka wenzake waliokuwa wakilia. Ningesema neno moja tu: mdunge na huyu. Lakini hedimasta alikuwa kando yangu, na kazi naipenda. Mungu anisamehe, nilinyamaza huku nimesimama hatua mbili kutoka kwa ile sindano.

Wiki tatu baadaye tulimzika Kavinya huko Mwingi. Nilichanga, nikapika chai, nikaimba. Watu walisema Mwalimu Nabiswa ana roho safi, nami nikawaacha waseme.

Mwezi wa nane nilimpitia Mama Kavinya nyumbani. Alikuwa amembeba mgongoni Ndolo, mdogo wake Kavinya, mtoto wa miezi kumi na mmoja. Nikamuuliza kama Ndolo amepata sindano ya surua.

"Ya nini, Mwalimu? Dadake si alidungwa? Tarehe uliitafuta wewe mwenyewe, ukaipata. Ilimsaidia nini? Huyu simpeleki."

Alisema kwa upole wake uleule, bila kunilaumu. Ningeweza kumhubiria habari za chanjo mpaka jioni, na asingenisikia. Uongo wangu ulikuwa umemzika mmoja, na sasa ulikuwa unamngoja wa pili. Nikamwambia. Kwamba kliniki sikufika. Kwamba tarehe niliitoa kichwani. Kwamba siku ya manesi nilikuwepo, nikanyamaza.

Hakulia, wala hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliingia ndani, akatoka na kadi ya Ndolo, akamkaza mtoto mgongoni na leso, akashika njia ya kliniki. Nilimfuata nyuma. Hakugeuka hata mara moja.

Foleni ilikuwa ndefu, tukakaa benchi moja. Zamu yake ilipofika, nesi aliifungua kadi, akachukua kalamu aandike tarehe kabla hajagusa dawa, jinsi wanavyofanya watu wakiwa wengi. Mama Kavinya akamshika mkono.

"Mdunge kwanza," akasema. "Mdunge nikiona. Kuandika utaandika baadaye."